Siku Saba za Kutiwa Hofu

Kofia ilimfunga Mzee Kingazi kwenye nguzo ya ghorofa ya tisini na moja wakati Mzee Kingazi amebanwa na mkojo.

"Mapigo yako yamepanda," kofia ilimwambia kwa sauti ya matroni anayezima taa za bweni. "Una hofu. Utafunguliwa ukishatulia."

"Sina hofu, nina haja!" alifoka mzee.

Kofia ikaandika kwamba ana hasira pia, ikamwongezea nusu saa.

Ndivyo zilivyofanya kazi kofia-tambuzi jijini Tanga mwaka 2097, enzi ambayo minara ilifumwa na buibui-zege, mitambo ya miguu minane iliyotapika zege kutwa kucha bila kudai chai. Binadamu walibakiziwa kazi ya kuwafuata nyuma na kukaza nati za mabamba ya sakafu, mahali ambapo miguu ya buibui haikupenya. Kila fundi alivaa kofia iliyosikiliza moyo wake na mkanda wenye kishikizi cha sumaku. Moyo ukishtuka, kishikizi kiliruka na kung'ata chuma kilicho karibu kabla mtu hajamaliza kusema "mama". Kamba za kujifungia za zamani zilikuwa zimepelekwa makumbusho, pamoja na akili za waliozipeleka.

Taabu ni kwamba moyo hushtuka kwa mengi. Mtu alimkumbuka mkwewe, akafungwa. Mwingine alipiga chafya, akafungwa. Aliyefungwa mara tatu kwa mwezi alitangazwa na kofia kuwa hafai kupanda, na hapakuwa na mnara nchini uliompokea tena.

Mafundi hawakusoma vitabu vya mitambo. Waliisoma mitambo yenyewe. Waligundua kwamba kofia mpya hutumia siku saba kumjua mwenyewe. Katika siku hizo haimfungi mtu, inamsikiliza tu, na mgeni huambatana na fundi mkongwe. Lolote inalolisikia hulichukua kuwa ndiyo kawaida yake. Basi mgeni akitishwa siku saba mfululizo, kofia itaamini kwamba hofu ndiyo tabia yake, nayo haitamsumbua maishani. Wakaanzisha mila: kila mgeni alitiwa hofu. Aliyesamehewa ni Mzee Kingazi peke yake, kwa sababu ya shinikizo la damu.

Mtia hofu mkuu alikuwa Fundi Shechambo. Kazi hiyo aliifanya kwa uso wa mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Alikuwa amewatisha watu mia mbili na kumi, na wote walikuwa bado kazini. Kwa hiyo dada yake alipomleta binti yake Mwantumu, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili na cheti kibichi cha chuo cha ufundi, Shechambo hakuwa na shaka.

"Nimekukabidhi," dada yake alimwambia. "Umpandishe, na umshushe."

"Dada, nimeshusha wangapi?"

Asubuhi ya kwanza, kwenye ghorofa ya mia na kumi na nane, Mwantumu aliketi ukingoni akaning'iniza miguu na kula muhogo wa kuchoma.

"Mjomba, naiona milima ya kwetu! Kumbe mlikuwa mnaficha raha hii?"

Shechambo alimtilia nyoka wa mpira kwenye buti. Mwantumu alimtoa, akampangusa vumbi, akamletea. "Mjomba, kuna mtu amepoteza kichezeo cha mwanawe." Siku ya pili Shechambo alijipaka saruji uso mzima, akajificha saa nzima katika choo cha ghorofa ya themanini. Mlango ulifunguliwa.

"Shikamoo Mjomba. Samahani, sikujua kuna mtu." Ukafungwa taratibu.

Genge zima lilicheka hadi Kibwana, nyapara wao, akalazimika kukaa chini. Kisha Kibwana akaacha kucheka.

"Shechambo, mpwa wako ana moyo wa kobe. Kofia ikiuzoea utulivu huu, upepo wa kwanza tu atafungwa mara tatu kabla ya saa nne. Atarudi kwao na cheti chake."

Shechambo alilijua hilo. Hakulala vizuri.

Siku ya tatu alimsimamisha Mwantumu juu ya bamba ambalo nati zake mbili alikuwa amezilegeza mwenyewe, kwa kipimo. Akaukamata mkanda wake kwa nyuma, kisha akalikanyaga bamba kwa kisigino. Lilizama kiasi cha upana wa kidole. Mwantumu alipiga ukelele ambao mjomba wake hakuwa ameusikia tangu mtoto huyo alipokuwa akinyonya.

"Ni mimi! Ni mimi, mwanangu! Mzaha tu huo!"

Genge likapiga makofi. Mwantumu hakucheka. Alikuwa amemshika mjomba wake mkono kwa kucha zote.

Shechambo alikuwa ameupata mlango, akaendelea kuubisha. Siku ya nne aligonga nyundo chini ya bamba ambalo mpwa wake alisimama juu yake. Siku ya tano alilegeza jingine. Kufikia siku ya saba Mwantumu alitembea akiikumbatia nguzo moja hadi nyingine, na muhogo wake ulirudi chini bila kuliwa. Hofu ya siku tano ilikuwa imeufunika utulivu wa siku mbili. Jioni kofia yake ilisema, "Asante, Mwantumu. Sasa ninakujua."

Shechambo alimpigia dada yake. "Amefuzu," alisema.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, Shechambo alikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwa mpwa wake. Bamba alilosimama Mwantumu lilikuwa limewekwa juzi kwenye mvua, na zege lilikuwa halijazishika nati. Nati moja ililia. Bamba likazama upana wa kidole.

Mwantumu aliganda. Hakugeuka.

"Mjomba, acha!" alisema. "Siku saba zimekwisha, bwana!"

Genge likaangua kicheko. "Shechambo, mwache mtoto wa watu!" alisema Kibwana, naye akicheka.

Shechambo aliinua mikono yote miwili, spana ikiwa katika mmoja, ili waone. Wakaiona. Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Naye alikuwa tayari anakimbia.

Moyo wa Mwantumu ulipiga mia na hamsini na moja. Kofia iliupima, ikaulinganisha na moyo iliofundishwa, haikuona jambo geni. Kishikizi hakikuruka. Bamba lilifunguka upande mmoja kama mfuniko wa sanduku, na Shechambo alipofika ukingoni palikuwa na upepo tu.

Baada ya mazishi alifika Mhandisi Tuntufye, kijana mpole aliyeziunda kofia zile. Katika ofisi ya mabati Shechambo alimweleza yote, nyoka, choo na nati, bila kujitetea. Tuntufye hakumlaumu. Alipiga simu kwenye minara mingine, akiuliza swali moja kila mahali. Kila simu ilipokwisha, alizidi kuinama.

"Mwanza wanatumia mbwa," alisema. "Mbeya wanawaning'iniza watu kwa miguu. Fundi, kofia hizi hufundishana. Ziko elfu arobaini, na hakuna hata moja inayojua mtu mwenye moyo mzima asiyeogopa anafananaje."

"Zifundishe upya."

"Kwa moyo wa nani? Mzee wenu Kingazi ana shinikizo la damu, hafai. Nahitaji mtu mzima wa afya aliyekaa juu siku saba bila hofu. Mmoja tu angetosha kwa nchi nzima." Akaiamuru mashine yake itafute katika kumbukumbu zote.

Ilitafuta kwa muda mrefu. Kisha mhandisi akainuka kitini. "Yupo! Ghorofa ya mia na kumi na nane, miguu inaning'inia nje, mapigo sitini na moja! Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Namba..."

Alitazama namba, akatazama karatasi ya msiba iliyokuwa mezani. Akaketi.

Shechambo hakuhitaji kusomewa. Kofia ile alimvalisha yeye mwenyewe.

"Ana siku mbili tu," Tuntufye alisema kwa sauti ndogo. "Zinatakiwa saba. Hazitoshi."

"Zirudie hizo hizo mbili. Zirudie mpaka zitimie saba."

"Moyo haurudiwi hivyo, fundi. Kofia itajua ni uongo."

Shechambo alimtazama kijana yule kwa uso wake wa risala, ambao sasa haukuwa na la kusoma.

"Leo ndiyo itajua?" aliuliza.