Waya wa Intaneti Vudee

Yona alikuwa mkulima wa tangawizi huko Vudee, kijiji cha milimani wilayani Same. Siku moja yeye na majirani walikuwa wakisafisha mfereji wa maji ya mashamba. Jembe lake likanasa kitu cheusi ardhini. Alidhani ni mzizi. Akapiga tena, kikakatika. Kumbe ni waya, na ndani yake hamna shaba, ila nyuzi za kioo nyembamba kama nywele. Yona aliangalia huku na huku, akaufukia, akanyamaza.

Mchana mkewe, Dorkas, alirudi kutoka zahanati amekunja uso.

"Intaneti imekatika kijiji kizima," alisema. "Nesi ameshindwa kumtumia daktari wa Same picha ya kidonda cha Mzee Aminieli. Imebidi mzee wa watu ateremshwe kwa gari, na barabara yenyewe ndiyo hii!"

"Kampuni ya intaneti wanasemaje?"

"Watakuja mwezi ujao. Eti Vudee wateja ni wachache."

Chakula kilimshinda Yona. "Mama Agape," alisema polepole, "waya wa intaneti nimeukata mimi, kwa jembe kule mferejini."

Dorkas alimtazama. "Basi inuka. Twende kwa mtendaji."

Mtendaji wa kijiji aliitwa Veneranda. Aliwaamkia, akawapa viti. Yona akaeleza yote.

"Utanifunga?" aliuliza.

"Hukukusudia, baba. Afadhali umesema, maana mafundi wangetafuta mlima mzima. Na kampuni nayo ilipaswa kuweka alama. Haikuweka."

"Lakini kampuni ni mali ya mtu binafsi," alisema Dorkas. "Nani atawaharakisha?"

"Mnakumbuka zamani, simu zilipokuwa za serikali peke yake?"

"Nani asiyekumbuka!" Yona alisema. "Ulisubiri miaka."

"Kampuni zikaruhusiwa, simu zikaenea. Kushindana kwao kumetusaidia. Ila kampuni hufuata penye wateja wengi. Waya huu umefika huku milimani kwa sababu serikali ilichangia gharama. Tena kampuni hufanya kazi kwa leseni, na leseni ina masharti. Ikizembea, tunaipeleka kwa mamlaka ya mawasiliano."

"Na sisi wananchi?" aliuliza Dorkas.

"Tuulinde. Tuulize kabla ya kuchimba. Ukikatika, tutoe taarifa siku hiyohiyo."

Veneranda aliandika barua mbili papo hapo: moja kwa kampuni, nyingine kwa mamlaka. Siku ya nne mafundi walifika. Yona mwenyewe aliwaonyesha mahali. Waliunga waya, wakaupitisha ndani ya bomba gumu, wakasimika vigingi vya njano.

Kwenye mkutano wa kijiji Yona alisimama, akasema kosa lake mbele ya wote. Aliogopa watu wangemcheka. Hawakucheka. Walimchagua awe mwangalizi wa njia ya waya.

Wiki mbili baadaye jirani yake, Hezroni, alipiga hodi asubuhi.

"Ndugu yangu, nataka kuchimba choo. Nichimbe wapi?"

Yona alivaa kofia yake, akatoka akitabasamu.

"Twende nikakuonyeshe."