Macho ya Bi Biubwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Shufaa alichota maji kisimani akamjazia mtungi jirani yao, Bi Biubwa. Mume wa Bi Biubwa alifariki mwezi uliopita, naye alikuwa ndani ya eda. Mjane hatoki hovyo mpaka eda iishe. Kwa hiyo Shufaa ndiye aliyemwendea kisimani, dukani na hata mashineni kusagisha.

Mwaka huo mto ulifurika, ukazoa mahindi ya bondeni. Hapo kijijini Mkange hakuna aliyekuwa na bima ya mazao. Serikali ikaahidi mbegu na chakula kwa waliopoteza shamba zima, na Jumamosi bwana shamba Majaliwa akaja kukagua.

“Mwanangu, mimi ndiyo hivyo, siwezi kutoka,” Bi Biubwa alimwambia Shufaa. “Nenda ukamwonyeshe shamba langu. Leo wewe ndiye macho yangu.”

“Haya, bibi.”

Bondeni, maji yalikuwa yameng’oa hata mibono ya mpakani. Shamba la Bi Biubwa lilikuwa tope tupu. La kina Shufaa, juu yake kidogo, lilimegwa ukingoni tu.

“Hili lililozama la nani?” Bwana Majaliwa aliuliza.

Shufaa alimkumbuka mama yake akikung’uta mfuko wa unga. Ulimi hauna mfupa. “Letu,” akasema. “La Bi Biubwa ni lile la juu.”

“Basi bibi huyo ana bahati,” alisema bwana shamba, akaandika.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo Shufaa aliiona ndefu kuliko ya kwenda Saadani. Bi Biubwa alikuwa amemwekea muhogo wa nazi.

“Ameliona?”

“Ameliona, bibi.”

“Alhamdulillahi! Mungu akukuze, mwanangu.”

Dua ile ilimchoma Shufaa. Aliuacha muhogo sahanini. Alikimbia nyumbani akamweleza mama yake yote, huku akilia.

Mama yake aliweka mwiko chini. “Kwa hiyo tule haki ya mjane aliye edani? Unga ukiisha tutajua la kufanya. Twende!”

Walimkuta Bwana Majaliwa akiwasha pikipiki yake.

“Shikamoo,” Shufaa alisema. “Nilikudanganya. Shamba lililozama ni la Bi Biubwa.”

“Marahaba,” alijibu bwana shamba, uso umekunjamana. “Ningeondoka hivi, nani angemsemea?” Alirudi nao bondeni, akarekebisha maandishi yake.

Kazi ngumu zaidi ilibaki. Shufaa alipiga magoti mbele ya Bi Biubwa akakiri.

“Umeniumiza, sikufichi,” alisema Bi Biubwa. “Ukimdanganya mtu asiyeweza kwenda kujionea, unamwibia mara mbili: mali yake, na imani yake kwako. Anayetumwa amebeba amana, Shufaa. Lakini umeirudisha mwenyewe kabla hujashikwa, nami nimekusamehe.”

Siku ya mgao ilipofika, Shufaa alikaa barazani kwao, akiona haya kusogea. Mara akasikia akiitwa kutoka ndani ya nyumba ya jirani.

“Shufaa! Mbona umekaa? Nenda ukanipokelee mbegu zangu. Mimi nina macho gani mengine?”