Maji ya Vitunguu na Kisigino cha Bibi

Kila alipotoka shule, Daktari alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yake, kisha akaingia jikoni kutwanga vitunguu. Alivikamua kwa kitambaa safi mpaka bakuli likapata maji ya kutosha. Macho yalimtiririka machozi, na siku hizi hayakuwa machozi ya vitunguu peke yake.

Daktari alikuwa msichana wa darasa la sita. Jina hilo alilipata katika klabu ya afya ya shule, alipowapaka maji ya vitunguu wenzake waliochubuka magoti uwanjani. Walipona, naye akasoma matokeo mbele ya shule nzima. Mwalimu mkuu alimpongeza, makofi yakapigwa, kichwa kikamvimba.

Bibi aliposikia, akaipa zahanati mgongo. Alikuwa na kisukari, na kiatu kilikuwa kimemchubua kisigino.

"Dawa ninayo nyumbani, nikapange foleni ya nini?" alisema. Kisha akamwapisha mjukuu wake. "Shangazi yako asijue. Akijua, atanipeleka wakanikate mguu, na wewe utakuwa umeniuza."

Shangazi alikuwa muuguzi, na aliishi nao nyumba moja.

Kidonda kikapanuka. Kingo zake zikawa nyeusi, kikaanza kunuka. Daktari akajikuta amebanwa kila upande. Akisema, amevunja kiapo na sifa zake zote zimekwisha. Akinyamaza, mguu wa bibi unaozea mikononi mwake. Shuleni wenzake waliendelea kumletea mikwaruzo yao, naye akaendelea kuipaka kwa sababu hakujua aache vipi.

Jioni moja shangazi alirudi mapema, akasimama mlangoni mwa chumba cha bibi na sare yake ya kazi.

"Harufu gani hii?" Akafunua shuka. "Mama! Twende hospitali sasa hivi!"

"Siendi." Bibi alivuta mguu wake, akamshika Daktari mkono. "Wewe una maneno, mwenzako ana ushahidi. Amejaribu, watu wamepona. Mwambie, mjukuu wangu!"

Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze. Shangazi alikuwa amesimama kati yake na mlango, na bibi hakuuachia mkono wake.

Shangazi hakufoka. Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Haya, nieleze. Katika hao uliowapaka, kuna hata mmoja mwenye kisukari?"

"Hapana, shangazi."

"Kuna aliyechubuka vilevile usimpake?"

"Rafiki yangu. Aliogopa kuwashwa."

"Ikawaje?"

"Alipona sawa na wenzake."

"Na uliowapaka, walipona wote?"

Bibi akamtikisa mkono. "Jibu, mwanangu, usiogope."

"Mmoja goti lilitunga usaha. Mama yake akampeleka zahanati. Nilimwacha nje ya matokeo, maana alikuwa anayaharibu." Hapo alilia waziwazi. "Bibi, sijui kama maji haya yanamponya mtu yeyote. Nilitaka tu yaponye. Nenda hospitali, nakuomba."

Bibi alimkazia macho. "Ulikuwa hujui, na bado ukanipaka?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akauachia ule mkono, akamgeukia shangazi. "Nishike niinuke."

Hospitalini walikisafisha kidonda, wakaondoa nyama iliyokufa na kuishusha sukari. Bibi alilazwa wiki kadhaa, lakini mguu ulipona. Wakati huo Daktari aliwasomea wenzake matokeo upya, safari hii yote. Wengine walimcheka, na ilimuuma.

Siku ya kumchukua bibi, Daktari alimsimulia shangazi hayo wodini.

"Kujaribu si kosa," shangazi alisema. "Hata dawa ninazowapa wagonjwa kuna watu walizijaribu. Lakini waliwapima wengi, wakawalinganisha waliopewa na wasiopewa, wakaandika hata yale wasiyopenda kuyaona. Ukiambiwa dawa fulani inaponya, uliza ilijaribiwa kwa nani, na wale ambao haikuwafaa wako wapi."

"Mimi sijasoma kama nyie," bibi akadakia, huku akikanyaga chini polepole kuujaribu mguu. "Ila nina neno moja. Siku nyingine ukiwa hujui, niambie hujui. Mguu ni wangu."