Alama Alizozificha Mwalimu

"Nani ameagiza cheti cha uuguzi mara thelathini?"

Sauti ya mwenye duka la fotokopi ilipaa juu ya vichwa vya watu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na dakika chache tu baada ya kurudi, kila mwenye karatasi alikuwa amejazana ndani ya chumba kile chembamba chenye joto la mashine na harufu ya wino. Mwanamke aliyevaa sare nyeupe ya hospitali, sweta la buluu limefungwa kiunoni, aliinua mkono.

"Cheti ni changu, lakini mimi nilitaka nakala moja!"

"Basi hii nakala moja ya zoezi ni ya nani?" Mwenye duka alitikisa karatasi iliyoandikwa juu yake *Underline the nouns*.

Nyuma kabisa alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama wima, mguu mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi. Alikohoa kwa aibu. "Ya kwangu. Mimi ndiye niliyetaka thelathini."

Watu wakaangua kicheko. Yule muuguzi akamgeukia. "Hongera, Mwalimu. Leo wanafunzi wako wote wamefuzu uuguzi."

"Na wewe umeambulia zoezi la nomino. Sijui nani kapunjika."

Wakati mashine ikirekebishwa, yule mwanamke alichomoa kalamu mfukoni mwa sare, akaanza kupigia nomino za lile zoezi mistari kwa mchezo tu. Mwalimu akachungulia begani mwake. Sentensi ya tatu ilisema *The patient nurse dressed the burn*.

"Umepigia *patient* mstari," alisema. "Hapo si nomino."

"Mwalimu, mimi naamka na *patient*, nashinda na *patient*. Huyo ni mgonjwa. Mgonjwa ni mtu, na mtu ni nomino. Au mmebadilisha?"

"Angesimama peke yake ungeshinda. Lakini hapa kamwegemea *nurse*, anatuambia muuguzi huyu ni wa namna gani. Ni mvumilivu. Hicho ni kivumishi."

"Na *dressed*? Mbona gauni ni nomino?"

"Unapofunga kidonda unafanya nini?"

Alifikiri, kisha akacheka na kujipiga paji la uso. "Natenda! Kitenzi! Kumbe Kiingereza hakina adabu, neno moja linavaa sare mbili."

"Mengine yanavaa tatu. Ndiyo maana mimi nina kazi."

Alipotoka nje alikuwa na vitu viwili mkononi: nakala moja ya cheti chake na namba ya simu ya kituo cha Kiingereza.

Sista, kama walivyomwita wagonjwa wake, alikuwa na miaka tisa katika wodi ya watoto walioungua moto. Alijua kufunga kidonda bila mtoto kulia sana, lakini palikuwa na watoto aliowafunga vizuri na bado wakafa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwapandikiza ngozi. Hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa imemkubali akajifunze kazi hiyo, ila kwanza apasi mtihani wa Kiingereza. Alishafeli mara moja. Sehemu ya sarufi ndiyo iliyomwangusha.

Kituo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Kila siku saa kumi jioni alifika na viatu vyake vya wodini, akakaa dawati la mbele.

"Usiulize neno linaitwaje," Mwalimu alikuwa akisema, chaki mkononi. "Uliza linafanya kazi gani. Mtu akiwa mpishi leo na dereva kesho, utamwitaje?"

"Inategemea leo ameshika nini," Sista alijibu, na darasa zima likacheka.

"Haswa. Jaribu kuweka *the* mbele yake. Likikaa vizuri, huenda ni nomino. Jaribu kulipeleka jana. Likibadilika, ni kitenzi."

Mwezi wa pili wakaanza kupigiana simu wakati wa chakula cha mchana.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula kitenzi. Chakula chenyewe sijakiona."

"Basi ngoja nikuletee nomino, mpenzi wangu, usije ukanianguka darasani."

Alipoliachia lile neno, *mpenzi*, kila mmoja alisikia pumzi za mwenzake kwenye simu.

Siku moja alimfuata nyumbani kwake, amevaa gauni la kijani lenye mikono mifupi, nywele kazisuka upya. Hapo ndipo alipomkuta mama yake Mwalimu, kitandani tangu alipopata kiharusi, upande wa kushoto umekufa ganzi. Mwalimu alimlisha uji kwa kijiko, akampangusa mdomo, akamgeuza. Sista alivua saa, akanawa, akamwonyesha namna ya kumgeuza bila kumuumiza nyonga.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza kwa ulimi mzito.

"Mwanafunzi wangu, Mama."

"Mwanafunzi." Yule mama alitabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai. "Haya. Mwanafunzi, kesho utakuja tena?"

Alikuja kesho yake, na kesho kutwa. Kwa miezi mitatu nyumba ile ilikuwa na mlio wa kicheko uliokuwa umesahaulika tangu mama aanguke. Na ndani ya kicheko hicho hofu ya Mwalimu ilikuwa inanenepa. Kila Sista alipopata jibu sahihi, safari ilisogea. Kumfuata hakuweza. Mama hakuwa na mwingine.

Wiki tano kabla ya mtihani, kituo kilifanya jaribio. Mwalimu alisahihisha karatasi ya Sista akiwa peke yake darasani. Alama themanini na nne. Aliitazama ile namba mpaka macho yakamwuma. Kisha akaifungia karatasi kwenye mtoto wa meza.

Kesho yake alimwambia, "Sitini na moja."

Uso wa Sista ulinywea. "Sitini na moja tu? Mbona niliona kama nimeweza?"

"Bado unachanganya vielezi na vivumishi. Ukienda sasa utaaibika tena, laazizi. Futa jina, ujiandikishe awamu ijayo. Miezi sita si mingi."

"Wewe ndiye mwalimu," alisema Sista. Mchana huohuo akaenda kulifuta jina lake. Hakuomba hata kuiona karatasi. Alimwamini.

Siku kumi baadaye ikaja barua kutoka ile hospitali: nafasi haingemsubiri awamu ijayo. Sista aliisoma akiwa amesimama kwenye korido ya wodi, akaikunja, akaenda kufunga vidonda vya zamu nzima bila kusema na mtu. Kisha akapanda ngazi za kituo ili akamwambie Mwalimu, apate bega la kulilia.

Mwalimu hakuwepo. Alikuwepo katibu wa kituo, mama mnene wa hereni kubwa, akiandika matokeo ya jaribio kwenye rejista.

"Ooo, mwanangu! Njoo nikushike mkono. Themanini na nne! Mwaka huu hajafika mtu hapo."

"Hapana, mama. Yangu ni sitini na moja."

Katibu alivaa miwani, akamgeuzia rejista. "Soma mwenyewe. Hizi ndizo karatasi zenyewe, nimezitoa leo kwenye mtoto wa meza yake kwa ufunguo wa ofisi."

Mwalimu alipoingia, alimkuta Sista ameketi kwenye dawati lake lile la mbele, karatasi mbele yake.

"Nieleze," alisema.

Mwalimu aliitazama karatasi, akaitambua.

"Nilifikiri umekosea kuhesabu. Nimekaa hapa nikikuombea uwe umekosea tu kuhesabu. Umekosea?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaondoka."

"Ungesema!" Alisimama, dawati likaburura sakafuni. "Ungesema, 'Sista, naogopa.' Ningekusikia. Badala yake umeniambia mimi ni mjinga, nikakubali, nikarudi nyumbani nikajilaumu siku kumi. Na barua imekuja. Nafasi imepotea. Umefurahi sasa?"

"Sista, tafadhali..."

"Usiniite."

Alishuka ngazi. Mwalimu alimpigia simu, ikaita bila kujibiwa siku hiyo, na siku zilizofuata. Nyumbani mama aliuliza, "Mwanafunzi amepatwa na nini?" na mwanawe akageukia sufuria ya uji, akakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

Jumatatu ya pili yake Mwalimu alikwenda ofisi ya mitihani. Aliomba orodha ifunguliwe, wakamjibu imeshafungwa. Hakuondoka. Alirudi Jumanne, akarudi Jumatano, akakaa kwenye benchi la mlangoni na shati lake lililonyooka mpaka karani akachoka kumruka miguu. Alieleza yote, pamoja na uongo wake. Karani alimtazama kwa muda. "Mwalimu mzima," alisema. Alhamisi mtahiniwa mmoja akajitoa, na karani akamwita.

Alimsubiri Sista kwenye geti la hospitali, mvua nyembamba ikimlowanisha. Alimpa ile fomu bila kumsogelea.

"Kuna kiti kimoja. Ni chako. Zimebaki siku tisa."

Sista aliisoma, akaisoma tena. "Unanirudishia mlango ulioufunga mwenyewe," alisema, "halafu nikushukuru?"

"Sitaki shukrani."

"Unataka nini?"

"Uingie."

Aliichukua. Siku tisa walisoma pamoja kama watu wasiojuana: dawati, chaki, kihusishi, kiunganishi. Hakukuwa na utani. Siku ya kumi alifanya mtihani, na matokeo yalipotoka hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, Jumamosi asubuhi, na lile gauni la kijani, akapita sebuleni moja kwa moja hadi kitandani kwa mama.

"Nimepasi, Mama."

Yule mama alimshika mkono kwa mkono wake mzima, akaanza kulia, na mtu asijue analia kwa furaha au kwa nini.

Jikoni Sista alisimama kando ya Mwalimu aliyekuwa akiosha vikombe.

"Nilikuchukia wiki nzima," alisema. "Kisha nikachoka. Kukuchukia ni kazi ngumu, mwenzangu."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Aligeuka, wakakumbatiana, maji ya sabuni yakimchuruzikia Sista mgongoni, asijali.

"Niambie nibaki," alimnong'oneza. "Safari hii niambie kweli. Nitabaki."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Nilikuzuia mara moja kwa uongo. Siwezi kukuzuia mara ya pili kwa ukweli. Ukibaki, nani atawapandikiza ngozi wale watoto wako?"

"Basi nikusubiri. Tufunge hata uchumba."

"Mama anaweza kuishi miaka kumi, na namwombea aishi. Usinisubiri, laazizi. Ukimpata mtu wa heri, usinifikirie mimi."

"Mwongo," alisema Sista akilia. "Bado mwongo."

Akaondoka wiki ya pili yake.

Mwanzoni alipiga simu kila siku, baadaye kila Jumapili, baadaye mwezi ukapita. Alieleza kuhusu theluji, kuhusu ngozi nyembamba kama karatasi anayojifunza kuipandikiza. Mwalimu alisikiliza, akasema Mama anakusalimu.

Mwaka wa pili Mama alifariki, asubuhi moja tu, uji ukiwa bado wa moto. Mwalimu alimzika. Hakumwambia Sista, hakutaka msiba umwite kabla yeye mwenyewe hajajua la kusema. Siku arobaini zilipopita alikwenda kuomba pasipoti, na siku aliyoipata, Jumapili mchana, alivaa shati lililopigwa pasi kana kwamba simu ingemwona, akapiga.

"Mwalimu!" Sauti yake ilikuwa ileile. "Jamani, siku nyingi! Hujambo?"

"Sijambo. Sista, nina jambo nataka..."

Nyuma ya sauti yake mwanamume aliuliza kitu, kwa upole, kama mtu anayeulizia akiwa nyumbani kwake. Sista aliweka mkono kwenye simu, lakini haukuziba vizuri. Alimjibu kwa Kiingereza kwamba ni mwalimu wake wa zamani, wa kwao, na hatakawia. Kwa mazoea, Mwalimu alilisikiliza kila neno mahali lilipokaa. Hakupata kosa hata moja.

"Samahani," Sista alirudi. "Ulikuwa unasema?"

Mwalimu aliitazama ile pasipoti juu ya meza, na kitanda cha Mama kilichotandikwa kando ya ukuta.

"Nilitaka kujua hali yako tu," alisema.

"Mimi mzima kabisa. Na Mama je?"

"Amepumzika," alisema Mwalimu. Sista, akiwa na haraka kwa kuwa huko kwake chakula kilikuwa kinapoa, alidhani amelala, akamwambia amsalimie akiamka.