Jina Lililonong'onwa Mwambani

Khyar hakulipaza jina. Alilinong'ona tu, na bado mwamba ukalirudisha.

"Ghaisha... aisha... isha."

Bi Huria, mwalimu wa Oran, mji wa pwani ya Algeria, aliyekuja kwetu Djanet kutazama miamba ya jangwani, alipiga makofi. Khyar, kiongozi wake wa safari siku hiyo, hakupenda. Alivuta kilemba upesi akajifunika mdomo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Tangu asubuhi mwalimu alikuwa akimchokoza. Alikwisha kujua kwamba Khyar amepata binti, leo siku ya sita, na kwamba kwetu jina halitoki midomoni mwa wazazi mpaka siku ya saba, kondoo akishachinjwa, kwa kuwahofia watu wa upweke. Ndivyo tunavyoyaita majini. Mwalimu akasema wanaume wa Djanet hujifunika mpaka macho kwa uoga tu.

"Hebu nitajie mimi, kaka. Hapa atasikia nani, mawe?"

Mwanamume mwenye akili angenyamaza. Khyar aliteremsha kilemba, akalinong'ona.

Baada ya chakula upepo ulikata ghafla. Harufu ya maziwa ya mama ikaja kutoka kwenye ufa wa mwamba, nzito, ya uvuguvugu, mahali ambapo hapakuwa na mbuzi wala binadamu, na nyuma yake kikaja kilio cha kitoto kichanga, kikipanda na kukwama na kuanza upya, kama mtoto anayetafuta titi gizani asilione.

"Kuna mtoto mle ndani," mwalimu alinong'ona. "Twende tukaangalie."

Khyar alisisimka mwili, lakini uoga ulikuwa umeshatajwa mbele yake mara moja, hakutaka utajwe tena.

"Ni upepo, mwalimu. Sasa mwoga nani?"

Akacheka, akaingia naye garini, akapiga honi kuizima sauti ile, akaondoka. Kilio kiliwafuata mpaka njia panda, kikidhoofika, kisha kikakatika. Alifurahi kilipokatika.

Jua lilikuwa likizama alipoingia kwake. Mkewe, Dasine, alikuwa ameketi nyuma ya pazia la uzazi, kifua cha nguo kimelowa. Alitazama mikono ya mumewe, kisha akatazama nyuma yake.

"Mlete anyonye, maziwa yananimwagika. Umekaa naye mno."

"Nimekaa na nani?"

Dasine alitabasamu, akidhani ni utani.

"Si ulikuja adhuhuri? Ulisimama mlangoni umejifunika mpaka macho, ukanyoosha mikono. Nikakwambia mtoto hatoki kabla ya siku yake. Ukamwita kwa jina, Khyar, naye akageuza kichwa. Ndiyo nikakupa." Tabasamu likamtoka. "Jina tulilijua mimi na wewe tu. Mwingine angelijulia wapi?"

Khyar hakuthubutu kumwambia kwamba amemsikia mtoto akilia, akamcheka, akamwachia mwamba. Alirudi garini, akaendesha kama kichaa hadi kwenye ule ufa. Ulikuwa mtupu, ila mchanga wake ulikuwa umelowa, na ulinuka maziwa.

Safari hii alilipaza jina mpaka koo likachanika. Mwamba ulirudisha mngurumo wa gari, ukarudisha na kilio chake yeye Khyar. Jina haukulirudisha.