Mamukwe Amepata Jirani

Kila asubuhi, kabla king'ora cha mgodi hakijalia, Tshiela alikaa juu ya mamukwe akanywa chai yake.

Mamukwe lilikuwa pande la shaba. Wapakiaji wa Kolwezi walipanga shaba kwa safu sawa, na pande lililobaki waliliweka pembeni, peke yake, kama mwanamume anavyompisha mama mkwe wake. Hakuna mpakiaji aliyethubutu kuweka kitu karibu nalo.

Leo yalikuwa mawili.

Tshiela aliweka kikombe chini.

Mwaka mzima wa 1958 alikuwa mpika chai wa bohari, na kila tusi alilijibu, "Ndiyo, Bwana." Kumbe alikuwa jasusi wa chama cha siri cha wafanyakazi. Mtu alikuwa akitorosha madini ya bomu ndani ya mapande ya shaba. Tharcisse, mdogo wake, mlinzi wa bohari, alifungwa kwa kosa hilo. Treni ya leo ingempeleka uhamishoni.

Alifunua birika tupu. Ndani, redio ya Motorola ya kuzungumza na Mukalay, karani wa kiwanda na mwenzake wa chama.

"Mukalay, mi hapa. Shehena iko ngapi?"

"65,537. Mi mwenyewe nilichagua kule kiwandani. Namba tasa, dada. Safu 256 za mapande 256, moja inabakia. Gawanya kwa mbili, kwa saba, kwa yoyote: inakatala. Inakubali moja tu, na yenyewe."

Dirishani, Bwana Lambrecht, mkuu wa bohari, alikuwa akifoka kwenye simu.

"Treni mbili! Nusu kwa nusu, sawasawa!"

Tshiela alirudi kwenye redio.

"Nusu kwa nusu, Mukalay. Umesikia?"

"Uongo! Mutu ameongeza moja, na yeye anaijua."

"Leta mwendesha mashtaka aliyemuleta Tharcisse ku treni."

"Niko naye. Tuko ku mulango."

Alichukua nyundo. Akagonga mamukwe. Sauti nzito.

Akagonga jirani yake.

Sauti ya debe.

Akagonga tena, kwa hasira za mwaka mzima. Kizibo kiliruka. Mawe meusi ya madini ya bomu yakamwagika.

"Weye! Acha ile!"

Lambrecht, na bastola ya Browning mkononi.

Kulabu ya winchi ilipita hewani ikampiga kiwiko. Bastola ikaanguka. Juu ya winchi alikaa Kisimba, mkubwa wa wapakiaji, akicheka.

"Bwana, kwetu mutu hakaribie mamukwe. Ulikosa heshima!"

Mukalay aliingia mbio na mwendesha mashtaka wa Elisabethville. Mzungu yule alitazama mawe, akatazama bastola. Akaagiza Tharcisse ashushwe kwenye treni.

Lambrecht alimgeukia Tshiela. "Waambie ni mdogo wako aliliweka. Sema! Sema ndiyo, Bwana!"

Tshiela aliokota kikombe chake. Chai ilikuwa bado ya moto. Alitembea polepole hadi mlangoni, akanywa, akasimama.

"Hapana, Lambrecht. Mwizi ni weye. Ulimufunga mudogo yangu bule, na kila siku nilikuletea chai nikikuchukia."