Siku Dufie Alipoisingizia Gemu

Kila siku baada ya shule Dufie alivua sare, akateka maji bombani, akafagia uwanja, kisha akamwomba Nana Frimpomaa ruhusa ya kwenda kucheza kidogo. Nana Frimpomaa alikuwa bibi yake mzaa baba, na alijua mjukuu wake anakwenda wapi. Mtaa wote wa Suame, pale Kumasi, ulijua. Dufie haendi kuruka kamba. Anakwenda kwenye kontena la Mjomba Bediako.

Kontena hilo lilikuwa nyuma ya gereji, katikati ya magari yasiyo na injini. Ndani kulikuwa na televisheni mbili, mabenchi, na feni yenye kelele nyingi na upepo mdogo. Watoto walipenda gemu ya mieleka. Unachagua mtu wako, unabonyeza, anaruka, anapiga teke, mwenzake anakwenda chini.

Dufie alikuwa na miaka kumi na miwili. Darasani, hata akiitwa jina, mwalimu alilazimika kuinua macho kuona kama yupo, maana sauti yake haikufika mbele. Lakini kwenye kontena wavulana walimpisha.

"Jamani, malkia kaingia!" mvulana mmoja alipaza sauti. "Sarfo, nyanyuka usije ukaaibika mbele ya mdogo wako."

"Niaibike mimi? Leo namtuliza huyu," Sarfo alijibu. Hakuchukua muda, mtu wake akawa amelala chali na wenzake wanamzomea.

Mjomba Bediako alicheka huku anajifuta jasho kwa taulo lake. Watoto wote walimwita mjomba, ila mjomba wa damu alikuwa wa Birago peke yake, msichana aliyekaa dawati moja na Dufie. Birago alikuwa mtoto wa dada yake, na kwa watu wa Kumasi jambo la mtoto haliishi bila mjomba wake.

Birago hakuwa na haja na gemu. Yeye alikuwa bingwa wa ampe. Wasichana wawili wanasimama wakitazamana, wanaruka na kupiga makofi, kisha kila mmoja anatua akiwa ametanguliza mguu mmoja mbele. Miguu ikilingana anashinda huyu, ikipishana anashinda yule, na wengine wote wanaimba. Walimu waliipenda sana ampe. Walisema ni mchezo wetu wenyewe, mchezo mzuri wa watoto wenye adabu.

Siku moja wakati wa mapumziko kundi lilipungukiwa na mtu, wakamvuta Dufie. Hakutaka, lakini hakujua namna ya kukataa. Akaruka, akashindwa. Akaruka tena, akashindwa tena.

"Hebu mwangalieni!" Birago alipiga kelele. "Anaruka kama mbuzi mwenye mimba!"

Wasichana wakaangua kicheko, na papo hapo maneno hayo yakageuka wimbo. Mbuzi mwenye mimba, mbuzi mwenye mimba, makofi yakifuata. Wavulana wa darasa la juu wakajaa madirishani.

"Nenda kaliambie lile litelevisheni lenu likurukie!" Birago akaongeza, kisha akageuka kuwapungia mkono walioko madirishani.

Dufie alihisi masikio yanawaka. Alimwendea Birago kwa nyuma, akampiga teke nyuma ya goti kwa nguvu zake zote. Birago aliangukia ukingo wa mtaro wa saruji, mkono ukiwa chini yake. Mlio wa mfupa uliwafikia hata waliokuwa madirishani. Wimbo ukakatika.

Birago alipelekwa hospitali kwa teksi, na Dufie akapelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Madam Konadu.

"Kwa nini umefanya hivi?"

Dufie alitazama sakafu. Angesema nini? Kwamba alichekwa? Wakati ule, Birago akiwa analia njia nzima kwenda hospitali, jambo hilo lilionekana dogo mno, kama kitu cha kuficha mfukoni.

"Madam," akasema mwalimu wao wa darasa, Bwana Tuffour, "huyu si ndiye anayeshinda kwenye kontena la Bediako? Kule kazi yao ni mateke tu kwenye televisheni."

Uso wa Madam Konadu ukalegea. Aliinama, akamshika Dufie bega. "Mwanangu, niambie ukweli. Ulikuwa unaiga gemu, sivyo?"

Swali lilikuja kwa upole sana, na jibu likiwa tayari ndani yake.

"Ndiyo, Madam," Dufie alinong'ona. "Ni gemu. Mguu ulikwenda wenyewe."

Hakuchapwa wala hakufukuzwa. Alishikwa kichwa, akaombewa. Siku iliyofuata mwalimu mkuu alisimama mbele ya shule nzima akasimulia jinsi gemu zinavyowageuza watoto wapole kuwa wanyama. Wazazi wakaitana. Diwani akaja na kufuli kubwa, akalifunga kontena la Mjomba Bediako huku watu wanapiga makofi.

Dufie alidhani mambo yameisha. Kumbe aibu ndiyo kwanza ilikuwa inavua viatu iingie ndani. Watu walimhurumia, na huruma hiyo ilimchoma. Wasichana wa ampe walimpa pipi. "Pole, Dufie. Tunajua haukuwa wewe." Bwana Tuffour alimsogeza dawati la mbele ili amwangalie vizuri. Sarfo peke yake ndiye aliyekataa kumsalimu.

"Umetufungia kontena, mama wa miujiza," alimwambia mlangoni. "Mimi natandika watu kwenye gemu kila siku, mbona mguu wangu hauendi wenyewe?"

Dufie alipita haraka.

Jioni moja alikuwa bombani alipomwona Mjomba Bediako akisukuma mkokoteni. Juu yake kulikuwa na zile televisheni mbili, zimefunikwa shuka. Dufie alitaka kujificha nyuma ya wanawake waliopanga foleni, lakini alikuwa ameshaonekana.

"Dufie, binti yangu, hujambo? Umekonda."

"Sijambo, Mjomba."

"Birago anaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi. Sasa analala usiku." Akavuta taulo lake shingoni. Mtu mzima mwenye mwili mkubwa vile alionekana hajui aweke wapi mikono. "Wanasema mimi ndiye niliyekuharibu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kama ni kweli, mwanangu, unisamehe."

Dufie aliacha ndoo pale pale akakimbia. Nyuma yake alisikia wanawake wakisema, "Mnaona? Bado akili haijatulia."

Usiku ule baba yake, fundi Amoako, alitoa uamuzi. "Tumekaa kimya mno, watu watasema hatuna heshima. Kesho tunakwenda kuomba radhi. Tunakwenda kwa mjomba wake mtoto, ndivyo inavyotakiwa. Na Nana ndiye atakayetusemea."

Kwa desturi yao mkosaji haongei mwenyewe. Anamtafuta mtu anayeheshimika, huyo anamwombea. Dufie alipaswa kufurahi kwamba hatafungua mdomo, lakini hakufurahi. Mjomba wa mtoto ni Bediako.

Asubuhi Nana alipika kiazi kikuu, akakiponda kwa mafuta ya mawese. Hicho ndicho chakula cha kumpelekea mtu aliyenusurika na balaa, pamoja na mayai ya kuchemsha juu yake. Alimpa Dufie mayai amenye.

"Haya, niambie," Nana alisema bila kuinua macho. "Mdomo ni wangu, lakini kosa ni lako. Nikifika pale naomba radhi ya nini?"

"Ya... ya gemu, Nana."

"Ahaa. Kwa hiyo ni gemu iliyonituma? Basi iite ije imenye mayai."

Dufie alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. Yai likamponyoka. Akalia kwa sauti ambayo hakujua anayo, akasema yote: wimbo wa mbuzi, wavulana madirishani, swali la Madam, na yale maneno ya Mjomba Bediako bombani. "Sikuwa nafikiria gemu, Nana. Nilitaka aumie. Nilitaka aache kuwapungia watu mkono."

Nana aliendelea kuponda kwa muda. Kisha akasema, "Leo mimi nitaongea nusu. Nusu utaongea mwenyewe."

Nyumbani kwa Mjomba Bediako walipokelewa kwa maji ya kunywa na kimya. Birago alikaa karibu na mama yake, mkono umefungwa plasta ngumu nyeupe. Fundi Amoako alivua ndala, akashusha kitambaa alichojitanda begani kama anavyofanya mtu anayejishusha. Dufie hakuwahi kumwona baba yake akimwinamia mtu. Alitamani ardhi imfunike.

Nana alisalimu, akasema walichokuja kukiomba. Kisha akasogea pembeni. "Kuna maneno ambayo mdomo wangu haukuyafanya. Mwenyewe yupo."

Dufie alipiga magoti. "Mjomba, si gemu. Ni mimi. Birago alinicheka nikakasirika nikampiga. Madam aliponiuliza kama ni gemu nikasema ndiyo, ili nisichapwe. Kontena limefungwa kwa uongo wangu."

Fundi Amoako aligeuka akamtazama binti yake kama anamwona mara ya kwanza, halafu akafunika uso kwa kiganja.

"Kwa hiyo," Mjomba Bediako alisema taratibu, "siku zote hizi mimi nimekaa nikijiuliza nimewafanya nini watoto wa watu, na wewe unajua?"

"Najua, Mjomba."

"Na siku ile bombani ulijua?"

"Nilijua."

Mama yake Birago alisonya. "Mtoto ana moyo wa jiwe huyu!"

"Mama, na mimi nilimtukana," Birago akasema. "Ule wimbo niliuanzisha mimi."

"Nyamaza! Wewe ndiye uliyevunjwa mkono."

"Mkono umevunjika, lakini wimbo niliuanzisha mimi."

Nana alikohoa ili asicheke. Mjomba Bediako hakucheka. Alichukua sahani ya kiazi na mayai, akamwekea Birago mapajani, na kwa kitendo hicho kila mtu alijua radhi imepokelewa.

"Nimekusamehe," alimwambia Dufie. "Sisemi kontena langu halina kosa. Nimewahi kuona vitoto vidogo vinatoka pale vinarushiana mateke njiani, na nikavicheka. Hilo nitalitengeneza. Lakini kosa lako silo hilo. Na uongo hukuusema hapa, uliusema shuleni."

Jumatatu Dufie alisimama mbele ya shule nzima. Alisema, na hakuna aliyesikia.

"Hatusikii!" Sarfo alipaza sauti kutoka nyuma.

Akavuta pumzi, akasema tena kwa nguvu, neno kwa neno, mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Wasichana wa ampe walitazama viatu vyao.

Madam Konadu aliposimama, sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

"Nami nina aibu yangu," alisema. "Nilimuuliza mtoto swali nikiwa nimeshaweka jibu ndani yake, kwa sababu jibu hilo lilinipendeza. Teke lilipigwa kwenye ampe, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ampe imekosa nini. Kama gemu za kupigana zinamdhuru mtoto au hazimdhuru, mimi sijui. Wanaojua kuliko mimi bado wanabishana. Kwa hiyo msishinde huko, na wadogo wasiguse za mieleka. Lakini sikilizeni: mkimcheka mtu kwa pamoja, mnamchoma kwa pamoja. Na ukichomwa ukaumiza, sema ni mimi. Ukimtupia mwingine kosa lako, yeye atalibeba, lakini aibu itabaki kwako."

Kisha akamwita Nana Frimpomaa, aliyekuwa amesimama getini, akamwomba amsindikize kwa Mjomba Bediako, kwani naye alihitaji mtu wa kumsemea.

Kufuli lilitolewa siku ile ile. Dufie hakwenda kuangalia. Alikuwa amepewa adhabu ya kuwatekea maji kina Birago mpaka plasta itolewe, na alikuwa njiani na ndoo kichwani. Mama yake Birago alimfungulia mlango, akamtazama kutoka juu hadi chini, bila tabasamu.

"Mimina kwenye pipa," alisema. Dufie alipomaliza na kugeuka kuondoka, akamwita. "Wewe. Mwenzio yuko ndani, ameshindwa kuandika kwa mkono wa kushoto. Ingia umsaidie."

Dufie akavua ndala mlangoni, akaingia.